Mbao Hukumbuka

Siku ya kumi na tisa. Łódź, Februari,
theluji ya wiki iliyopita imeganda vichochoroni, nyeusi.
Nilidhani nitapigana na moto.
Hakuna aliyenionya kuhusu majivu:
kahawa haina kahawa ndani yake,
mkate ni kitu cha kutafuna,
na kule chini, mwilini, kimya
cha nyumba iliyokatiwa umeme
na mwenyewe kajificha asigongewe.

Miaka kumi na minne nililipa kwa usiku.
Kidole kikitelezesha, mwanamke akifuata mwanamke,
hakuna aliyejua jina langu,
na mimi sikumbuki hata uso mmoja.
Ubongo ulikuwa mgeni asiyeshiba,
ukisukuma sahani: ongeza. Nyingine. Kali zaidi.
Hadi mke wangu Malwina akivua soksi kando ya kitanda
sikuona kitu. Nasema kweli. Niliona soksi.

Kazi yangu ni kukaza nyuzi za piano.
Leo ni kwa Bi Kazimiera, ghorofa ya nne, lifti mbovu.
Piano haijafunguliwa tangu mumewe azikwe,
na sauti zote zimeshuka, pamoja, kwa adabu,
kiasi kwamba yeye anadhani iko sawa.
"Chombo kikishuka polepole," nikamwambia,
"sikio hushuka nacho."

Nikazungusha ufunguo, uzi baada ya uzi, mia mbili na kitu.
Nilipofika mwisho, zile za mwanzo zilikwisha kulegea.
Akaninunia. "Bwana Sarnecki, ndiyo kazi gani hii?"
Nikamweleza ninavyowaeleza wote:
ubao wa ndani umebeba mkazo ule wa zamani miaka mingi,
ukiubebesha mpya leo, kesho utainama kuutafuta wa jana.
Si ubovu. Mbao hukumbuka.
Nitarudi baada ya wiki mbili. Kisha mwezi. Kisha tena.
"Na mara zote hizo nalipa?"
"Nusu bei," nikasema,
ufunguo bado uko hewani mkononi,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake
na chumba kitupu.

Siku ya arobaini na moja nilianguka.
Dakika ishirini, pazia limefungwa. Sitalipamba.
Dalali wa kichwani alikuja na hoja nzuri:
umechoka, ni mara moja, nani atajua.
Asubuhi nikatoa kalamu, nifute hesabu, nianze moja,
nikakumbuka sijawahi kung'oa nyuzi zote
kwa sababu uzi mmoja umeteleza.
Nikaandika: arobaini na mbili.

Hii inayofuata sijui ilikuwa siku gani.
Kwenye ngazi za jengo letu mtu alifungua mtungi wa matango ya chumvi,
na harufu ya kitunguu saumu na uchachu
ikanipiga, nikashika ukuta,
machozi yananilenga kwa ajili ya matango. Mtu mzima.

Na kwenye tramu, mwanamke mwenye kofia ya sufu,
sikio moja limechomoza, jekundu kwa baridi.
Zamani ningemkata vipande kabla ya kituo kinachofuata.
Niliona sikio. Nikafikiri: linauma, maskini.
Nikashuka.

Malwina bado analala chumba cha pili.
Jambo hili hatulizungumzi; tunazungumza bei ya gesi.
Jana nilikuwa kwenye piano yetu kuukuu.
Nyuzi mbili zikikaribiana bila kukutana
hutetema, wa-wa-wa-wa, kama zinabishana,
na kadiri unavyozivuta, ubishi hupunguza mwendo,
wa... wa...
Alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini.
"Umeacha?" akauliza.
Mkono wangu ulikuwa umetulia juu ya ufunguo.
Sikujua anauliza kuhusu uzi, au lile.
"Bado naacha," nikasema.

Akasikiliza kidogo,
kisha akaenda kuzima birika.